Mfanyakazi mwenzangu ananitishia maisha, nataka zuio la mahakama. Naanzia wapi?

Upepo wa Kusi ameandika:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wanaojua sheria, na wa yeyote aliyepitia jambo kama hili. Sitataja nchi, kampuni wala jina la mtu, naomba mnielewe.

Ninafanya kazi ghalani. Napokea mzigo, nauingiza kwenye daftari na kwenye kompyuta, nasaini. Kuna mwenzangu wa usafirishaji ambaye tulikuwa tunaelewana vizuri tu, mpaka ulipofanyika ukaguzi na ukaonekana upungufu kwenye mizigo aliyoitoa yeye. Niliitwa, nikaonyesha hati kama zilivyo. Sikumwongezea wala kumpunguzia. Yeye anaamini mimi ndiye niliyemchoma.

Mwanzoni ilikuwa kusonya na kunipita bila salamu, nikayaacha. Baadaye alikuja mezani kwangu wenzangu wakiwa wameenda kula. Akaegemea meza kwa mikono yote miwili, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mimi nikipoteza hii kazi, wewe utapoteza zaidi ya kazi. Njia unayopita jioni naijua." Akachukua kalamu yangu, akaivunja katikati, akaviweka vipande juu ya daftari lililokuwa wazi, akaondoka.

Wiki hiyohiyo ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua: "Taa ya mlangoni kwako imeungua. Badilisha." Taa kweli ilikuwa imeungua. Tangu hapo zamu yangu ikiisha namkuta getini, na zamu yake huwa imeisha zamani.

Nimemweleza msimamizi wetu, akasema ni hasira, zitapoa. Sitaki mtu afungwe na sitaki fidia. Nataka asinikaribie. Je, naweza kuomba zuio hali tunafanya kazi jengo moja? Na meseji isiyo na jina ni ushahidi?

---

Jabali ameandika:

Pole dada. Mahakama ni mlolongo, utachoka kabla hujapata hiyo karatasi. Tafuta vijana wawili watatu wamkalishe chini wamwambie ukweli. Watu wa aina hiyo wakikutana na wenye nguvu kuliko wao wanatulia.

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Dada Upepo, pole sana. Ushauri wa Jabali uweke kando kabisa, naomba nieleze kwa nini. Leo wewe ndiye mwenye malalamiko na yeye ndiye mwenye maelezo ya kutoa. Siku ukituma vijana, yeye atakwenda kituoni na alama mwilini, na wewe ndiye utakayeombewa zuio. Hakimu atakuwa na watu wawili wanaotishana, na ombi lako litakosa nguvu hata kama kila neno ulilosema ni kweli.

Mimi ni wakili, nimeshughulikia maombi ya namna hii kwa pande zote mbili. Kwa kuwa hukutaja nchi, nitaeleza njia zilizopo sehemu mbalimbali, nawe uangalie ipi iko kwenu.

Zipo nchi zenye sheria ya unyanyasaji isiyouliza mna uhusiano gani. Afrika Kusini wana Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji, namba 17 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Aprili 2013. Jirani, mfanyakazi mwenzako, hata mtu usiyemjua, unaweza kuomba amri ya hakimu dhidi ya yeyote kati yao, na si lazima uwe na wakili. Amri inatoka pamoja na hati ya kumkamata ambayo inasimamishwa, kwa hiyo akikiuka hati ile inafufuliwa. Na kwa meseji ya namba isiyojulikana, mahakama inaweza kuiamuru kampuni ya simu itoe taarifa za aliyeituma. Uingereza wana sheria ya 1997 inayotaka mwenendo, yaani vitendo vya angalau mara mbili. Tukio moja la mezani halitoshi kwa sheria ile, lakini meza, meseji na kusubiriwa getini vikiwekwa pamoja ni mwenendo.

Zipo nchi ambazo sheria yao ya amri za ulinzi ni ya majumbani tu. Kenya, sheria ya mwaka 2015 inahusu wanandoa, ndugu, waliowahi kuishi pamoja na mahusiano ya namna hiyo. Mfanyakazi mwenzako hayumo. Wengi wanajaza fomu ile na kurudishwa mlangoni, wakidhani wamekosa haki, kumbe wamepita mlango usio wao. Hapo inatumika njia ya dhamana ya kutunza amani: hakimu anapewa taarifa kwamba fulani anaelekea kuvunja amani, anamwita aeleze kwa nini asiwekwe chini ya dhamana. Kenya ni kifungu cha 43 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na dhamana haizidi mwaka mmoja. Tanzania nayo ina utaratibu wa aina hiyo katika sheria yake ya mwenendo wa makosa ya jinai. Kando ya hilo, kutishia kuua ni kosa la jinai lenyewe, halihitaji zuio ndipo polisi wafungue jalada.

Na njia ya tatu ni shauri la kawaida la madai lenye ombi la zuio ndani yake. Ni ndefu zaidi na hapo wakili anahitajika.

Kuhusu kufanya kazi jengo moja: ndiyo, unaweza kuomba. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi ya kazini yanapokwama.

---

Mama Wawili ameandika:

Mdogo wangu, nimesoma hiyo ya taa nikasimama. Mimi nimepitia. Wangu alikuwa bosi wa zamu, na vitisho vyake vyote alivisema kama utani mbele za watu, ili nikilalamika nionekane sijui utani.

Nikwambie kilichonisaidia. Nilinunua daftari dogo la kurasa zilizoshonwa, lisilo la kuchomoa karatasi. Kila tukio niliandika siku ileile: tarehe, saa, tulikuwa wapi, nani alikuwepo, na maneno yake kama alivyoyatamka, hata matusi. Sikuandika "alinitukana na kunitisha". Niliandika alichosema. Nilipofika mbele ya hakimu, wakili wake alisimama na kusema nimetunga baada ya kukosa cheo. Hakimu akaomba daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, wino tofauti, siku tofauti, mengine yameandikwa kwa mkono unaotetemeka. Hakuuliza tena kama nimetunga.

Anza leo. Andika na yaliyopita unayoyakumbuka, lakini juu yake weka tarehe ya leo na useme unaandika kwa kumbukumbu. Usijifanye uliandika siku ile.

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Mama Wawili amesema jambo ambalo mawakili wengi tunashindwa kuwaelewesha wateja. Kwenye hati ya kiapo, hakimu anatafuta neno lililosemwa na kitu kilichofanyika. "Ananitishia" ni hitimisho lako. "Njia unayopita jioni naijua" ni ushahidi. Kalamu kuvunjwa ni ushahidi. Kama vipande bado unavyo, vitie kwenye bahasha, andika tarehe, vihifadhi.

Meseji: usiifute na usibadilishe simu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, lakini simu yenyewe ndiyo ushahidi mkuu. Tanzania ushahidi wa kielektroniki unaongozwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na mahakama inaangalia jinsi taarifa ilivyohifadhiwa. Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika. Kwa hiyo andika pia ni nani aliyechapisha zile picha, kutoka simu ipi. Na usiijibu namba ile. Jibu lolote, hata "niache", linampa nafasi ya kusema mlikuwa mnazozana.

Kama kuna jambo jingine alilolifanya ambalo umeambiwa na mtu, usiliape kama uliliona. Sema umeambiwa na nani.

---

Ofisi ya Kona ameandika:

Naingia kama mtu wa rasilimali watu. Dada, ulimweleza msimamizi kwa mdomo, sivyo? Hiyo kwa kampuni ni kama haikutokea. Andika barua pepe leo, kwa msimamizi na kwa ofisi ya utumishi ya kampuni yenu, na ujitumie nakala kwenye anwani yako binafsi. Eleza matukio kwa tarehe, kisha uombe vitu vinavyotekelezeka: mtenganishwe zamu, asiingie ghalani bila kazi, picha za kamera za mlangoni zihifadhiwe kabla hazijafutwa zenyewe, na usindikizwe hadi unapopandia usafiri. Hilo la kamera usilicheleweshe. Mifumo mingi hurekodi picha mpya juu ya za zamani.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unatambua kuwa ukatili wa kazini hauishii ndani ya jengo. Unahusu hata njiani kwenda na kurudi kazini na mawasiliano yanayotokana na kazi. Pia unataka mfanyakazi aweze kujiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili bila kuadhibiwa. Si kila nchi imeuridhia, lakini ukiutaja kwenye barua, mwajiri anaelewa kwamba getini na kwenye simu ni mambo yake pia.

Na kuna sehemu mwajiri mwenyewe ndiye anayekwenda mahakamani. California, sheria inamruhusu mwajiri kuomba zuio kwa niaba ya mfanyakazi wake anayetishiwa, amri inaweza kudumu hadi miaka mitatu, na tangu Januari 2025 hata chama cha wafanyakazi kinaweza kuomba. Naupenda utaratibu huo kwa moyo wote. Mtu anayetishiwa habebi shauri peke yake, na anayetisha anaona anapambana na kampuni nzima.

---

Jabali ameandika:

Nimesoma majibu. Nakubali la vijana halikuwa zuri. Lakini niulize kwa nia njema: hiyo karatasi itamzuia vipi mtu aliyeamua? Risasi na kisu havisomi.

---

Nahodha wa Zamu ameandika:

Jabali umeuliza swali la maana. Mimi ni msimamizi wa walinzi, nijibu kwa upande wetu.

Februari 1988, huko Sunnyvale, California, mtu aliyekuwa akimfuatilia mfanyakazi mwenzake kwa miaka mingi, na ambaye alikuwa ameshafukuzwa kazi, aliingia kwa silaha katika kampuni walikofanyia kazi wote wawili. Aliua watu saba, akamjeruhi na yule mwanamke. Mwanamke alikuwa ameshapata zuio la muda, na siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kusikilizwa mahakamani. California ikaja kutunga sheria ya kuharamisha ufuatiliaji wa watu mwaka 1990, ya kwanza Marekani, na tukio lile lilikuwa mojawapo ya yaliyoisukuma.

Sisemi haya kumtia dada hofu asiende mahakamani. Aende. Nasema kwa sababu watu wanapanga siku ya kuomba na siku ya hukumu, hawapangi siku ile mtu anapokabidhiwa hati. Hiyo ndiyo siku yake ya kukasirika kuliko zote. Siku hiyo usiwe kwenye njia yako ya kawaida, usilale peke yako, walinzi wawe na sura yake na jina lake, na kadi yake ya kuingilia kwenye eneo lako iwe imezimwa tayari. Uliza mahakamani hati itapelekwa lini, usikubali kujibiwa "itapelekwa tu".

Getini kwetu, mlinzi asiye na nakala ya amri hana la kufanya. Atamwona mfanyakazi mwenye kitambulisho, atafungua. Mlinzi mwenye nakala anaweza kumzuia, kupiga simu polisi na kusoma namba ya shauri. Karatasi inafanya kazi ikiwa mikononi mwa watu watakaochukua hatua. Kama anamiliki silaha au kazi yake inampa silaha, hilo liwe kwenye aya ya kwanza ya maelezo yako polisi.

---

Mwanga Hafifu ameandika:

Naomba nitoe upande mwingine bila kumpinga dada. Mimi niliwahi kuombewa zuio na mwenzangu wa kazini. Tulikuwa tunagombana kuhusu zamu, nilimpandishia sauti, niliwahi kumwambia "tutaonana". Kwetu sisi kazini neno hilo lilikuwa la kila siku. Alipoulizwa mahakamani nilimwambia tutaonana wapi, lini, kwa nini aliogopa, hakuwa na jibu. Ombi likatupwa. Lakini miezi ile kabla ya uamuzi nilinyimwa zamu na watu walinikwepa.

Nasema hivi kwa sababu ya dada wa hapa ni tofauti kabisa. Mtu anayejua taa ya mlango wako amekuja mpaka mlangoni kwako. Hilo lisimame mbele kwenye ombi lako, kusonya kuwe mwisho au kusiwepo kabisa.

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Asante sana Mwanga Hafifu, umeongea kwa haki. Hakimu akikutana na kusonya kwenye ukurasa wa kwanza anaweza kudhani anasoma ugomvi wa ofisini.

Sasa lile la jengo moja. Mahakama zinasita kumzuia mtu kuingia mahali anapopatia riziki, hasa kwenye amri ya muda ambayo yeye hajasikilizwa. Ukiomba "asifike kazini", unaweza kunyimwa yote. Omba vitu vinavyokatika vipande: asiwasiliane nawe kwa njia yoyote wala kupitia mtu mwingine, asifike nyumbani kwako, asikukaribie kwa umbali utakaotajwa nje ya kazi, na ndani ya kazi asiingie ghalani, atumie mlango mwingine, asiwepo getini ndani ya muda fulani kabla na baada ya zamu yako. Ambatisha ratiba za zamu. Ukiwa na barua ya mwajiri inayosema mpangilio huo unawezekana, umemwondolea hakimu kigugumizi.

Kama unahofia anwani yako kuonekana kwenye hati atakazopewa, mwombe karani mapema utaratibu wa kuificha. Kwa huyu pengine anaijua, lakini hamna sababu ya kumthibitishia.

---

Upepo wa Kusi ameandika:

Wakuu, sina maneno ya kuwashukuru. Nimeandika barua pepe kama Ofisi ya Kona alivyoelekeza. Nimekwenda polisi. Aliyenipokea aliniambia mambo ya kazini myamalize kazini. Nimerudi nimeishiwa nguvu.

Na kuna mtu aliona. Dada anayefanya usafi alikuwa kwenye korido siku ya kalamu, mlango ulikuwa wazi. Amenieleza mwenyewe. Lakini anaogopa, yuko kwa mkataba wa muda, na yule mtu anajuana na wakubwa. Siwezi kumlazimisha.

---

Mama Wawili ameandika:

Usimlazimishe. Mwambie utakachoandika kumhusu kabla hujaandika. Wangu alikubali baada ya kuelewa kwamba hataulizwa anamwonaje yule bwana, ataulizwa alichoona tu.

Polisi rudi. Rudi na mtu, na maelezo yako yakiwa yamechapwa tayari, ukurasa mmoja. Usiseme "tuna matatizo kazini". Sema: "Nimekuja kuripoti kutishiwa maisha." Kisha usiondoke bila namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Wanaoiita RB waiombe RB, wanaoiita OB waiombe OB. Afisa akikataa, muulize kwa heshima jina lake na umwombe mkuu wa kituo.

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Kweli kabisa. Na kuhusu shahidi, mahakama inaweza kumtolea wito. Wengi wanaoogopa hujisikia nafuu wakipata wito, kwa sababu mbele ya wakubwa wanaweza kusema wameitwa, hawakujipeleka. Mueleze hilo, achague.

---

Ofisi ya Kona ameandika:

Dada, mwajiri akichelewa kujibu, tuma kumbukumbu ya pili ukirejelea ya kwanza kwa tarehe. Uingereza, mwaka 2006, Baraza la Malodi liliamua kuwa mwajiri anaweza kuwajibika kwa unyanyasaji uliofanywa na mfanyakazi wake kazini chini ya ile sheria ya 1997. Waajiri wanaofuatilia mambo haya wanajua kukaa kimya kuna gharama. Na wakikuhamisha wewe badala yake, andika kwamba hukuomba kuhamishwa. Nimeona mara nyingi mno aliyetishiwa akipelekwa idara ya mbali, anapoteza marupurupu, na aliyemtisha amebaki kwenye kiti chake.

---

Upepo wa Kusi ameandika:

Nawaletea mrejesho.

Nilirudi polisi na kaka yangu, nikapewa namba. Ofisi ya utumishi iliamka baada ya barua ya pili, wakahifadhi picha za kamera. Getini anaonekana amesimama jioni nyingi mfululizo, anaangalia saa, mimi nikitoka anajitenga na nguzo. Kuiona kwenye skrini, mtu mwingine akiwa ameketi pembeni yangu anaiona pia, nililia. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama nakuza mambo.

Zuio la muda limetoka. Hakimu aliniuliza maswali machache tu, na la kwanza lilikuwa: "Alisema maneno gani hasa?" Nilisoma kwenye daftari. Akauliza kama nataka afukuzwe kazi. Nikasema hapana, nataka asifike ghalani wala getini saa zangu. Barua ya mwajiri ilikuwepo, akaandika palepale.

Siku ya kupelekewa hati nilikuwa kwa dada yangu, na Nahodha, nakushukuru kwa hilo, kwa sababu jirani aliniambia jioni ile kuna mtu alizunguka karibu na mlango wangu. Hakumtambua, kwa hiyo sisemi ni yeye. Nimeripoti kama nilivyoambiwa na jirani.

Sasa kuna jipya. Rafiki yake wa kazini amenifuata, mpole sana, anasema bwana yule amejuta, anaomba tukutane tuyamalize nifute shauri. Nifanyeje?

---

Nahodha wa Zamu ameandika:

Usiende. Amri inasema asiwasiliane nawe hata kupitia mtu, na huyo rafiki ndiye mtu mwenyewe. Andika jina, saa, maneno.

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Na usimjibu kwa hasira. Mwambie: "Jambo liko mahakamani, sizungumzi." Ondoka. Ukikubali kukutana naye kwa hiari, wakili wake atauliza siku ya kusikilizwa: kama unamwogopa kiasi hicho, mbona mlikunywa chai pamoja? Majuto yake ayapeleke kwa hakimu. Kama ni ya kweli, anaweza kukubali amri bila kupinga, na hilo ndilo linalokupa wewe usalama.

Kwenye usikilizwaji wa pande zote utaulizwa maswali makali. Yajibu kwa ufupi. Usipokumbuka, sema hukumbuki. Mtazame hakimu, usimtazame yeye.

---

Upepo wa Kusi ameandika:

Imekwisha kusikilizwa. Hakukubali, alipinga mpaka mwisho. Alisema kalamu ilivunjika kwa bahati mbaya na taa haijui. Polisi walishapata usajili wa ile namba, ni laini ya ndugu yake wa nyumba moja. Dada wa usafi alikuja kwa wito. Alisimama mikono nyuma, akaeleza alichoona kwa sentensi chache, akarudi kazini. Sitamsahau.

Amri imetolewa kwa masharti karibu yote tuliyoyajadili hapa. Kampuni imempeleka tawi lingine wakati uchunguzi wa upungufu ukiendelea. Bado nazunguka njia nyingine jioni, usingizi haujarudi sawasawa, lakini zamu ya jana nimemaliza nikatoka getini bila kusimama kuchungulia kwanza.

---

Mama Wawili ameandika:

Mdogo wangu, hongera kwa ujasiri. Usingizi unachelewa, wangu ulichelewa pia. Tafuta mshauri nasaha mzungumze, usiubebe ndani.

---

Mti Mkavu ameandika:

Wakuu, nimefuatilia uzi huu kimya, nami nina zuio kama la dada. Nimepata kazi kampuni nyingine. Amri yangu inataja jina la kazi ya zamani. Je, inaisha nikihama?

---

Kalamu Nyeusi ameandika:

Haiishi. Amri inamfunga yeye kuhusu wewe, kwa hiyo masharti ya kutowasiliana na kutokukaribia yanaendelea popote ulipo. Sharti linalotaja jengo la zamani ndilo halitakulinda kwenye jengo jipya. Peleka maombi ya kurekebisha amri kabla hujaanza kazi, na usiandike jina la mwajiri mpya, kwa sababu maombi hayo atapewa nakala. Omba isomeke "mahali popote mwombaji anapofanyia kazi". Angalia pia tarehe ya mwisho ya amri na uombe kuongezewa muda kabla haijafika, maana ikishapita unaweza kulazimika kuanza upya na matukio mapya. Nakala mpya ikitoka, moja ipeleke kituo cha polisi cha karibu na kazi mpya na moja kwa walinzi wa huko, siku yako ya kwanza.